Mpaka Uliochipuka Kati ya Mataruma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mikono yangu huikumbuka kabla ya kichwa. Hata leo nikibeba kikombe cha chai kupeleka shambani, mikono hii hushtuka kidogo ninapofika karibu na banda la ng'ombe. Wewe umeniona nikisimama pale mara nyingi, ukadhani ni magoti. Si magoti. Keti nikuambie, maana nimesikia unataka kuing'oa reli ya baba yako ujenge banda la kuku, na kabla hujashika jembe kuna jambo unapaswa kulisikia kutoka kwangu.

Wakati huo ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa mke kijana hapa Wamagana, bado najifunza ni sufuria gani ya mama mkwe isiyoguswa na mtu mwingine. Baba yako, Gathogo, alikuwa ametoka katika kazi ya reli. Alikuwa kwenye kundi la watengeneza njia kati ya Karatina na Nanyuki, na treni ilipoacha kupita alirudi nyumbani na sanduku la spana na huzuni ambayo hakuitaja hata mara moja. Wanaume wengine wakipoteza kazi hulewa. Baba yako aliamua kujenga reli nyuma ya jikoni kwangu.

Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Alikwenda Majengo kwa mafundi wa jua kali akarudi na vyuma chakavu, akavinyoosha kwa nyundo hadi majirani wakauliza kama tunafungua karakana. Mti wa mkaratusi ulioangushwa na upepo aliupasua akachonga mataruma, yale magogo mafupi ambayo reli hulalia juu yake. Kokoto alizibeba kutoka mtoni kwa mkokoteni. Injini ilitoka kwenye pikipiki iliyokuwa imekufa, na mabehewa aliyaunda kwa mbao, ya kukalia watoto. Watu wakitoka kanisani walisimama kwenye ua na kutazama, na mimi nikajifanya sioni.

Ardhi yetu unaijua. Huwezi kuweka sufuria chini bila kuishikilia. Sasa treni, hata ikiwa ndogo namna gani, haipendi kupanda wala kushuka, na baba yako aliniambia hivyo akiwa na sura ya mtu anayemzungumzia mgonjwa wake. Kwa hiyo reli haikwenda ilikotaka. Ilifuata ubavu wa kilima, ikapita katikati ya mibuni, ikazunguka jikoni, kisha ikapinda kwenye banda la ng'ombe na kurudi. Kila alipofika aliweka pimamaji, kisha akapitisha katikati ya vyuma kijiti alichokikata kwa kipimo, ili njia isipanuke hapa na kubana pale. Alikuwa na furaha. Nasema wazi, mwanangu, nilimpenda zaidi katika miezi ile ya matope kuliko siku ya arusi.

Shida ilikuwa ile kona ya banda la ng'ombe. Alipakia mawe kwenye behewa kulijaribu, na lilipofika pale magurudumu yakaacha njia, mawe yakamwagika kwenye majani ya ng'ombe. Akarekebisha, likaanguka tena. Kona ilikuwa kali mno. Ilibidi aipanue, na nafasi ya kuipanua ilikuwa upande mmoja tu, upande wa matoka.

Ninyi wa siku hizi mkiona itoka mnaona ua. Majani marefu, maua meupe yenye mistari ya waridi, mnapiga picha. Kwetu sisi ule ndio ulikuwa mpaka wa shamba. Kitunguu chake huzama chini sana, ng'ombe hawakitaki, jua halikiui. Yalipopandwa, wazee walikaa, mbuzi akachinjwa, na maneno mazito yakasemwa juu ya yeyote atakayeyang'oa. Babu yako aliwagawia wanawe wawili shamba kwa mstari ule ule wa zamani wa matoka akiwa bado hai: upande wa jikoni wa Gathogo, upande wa bondeni wa ndugu yake mdogo, baba yako mdogo Muriuki. Hati ya shamba ilibaki kwa jina la mzee, kipande kimoja bila alama katikati, kama ilivyo katika nyumba nyingi za huku. Alipofariki, kilichowatenganisha na kuwaunganisha wale ndugu kilikuwa yale matoka tu. Na walipatana. Sijawahi kuona ndugu wakipatana hivyo. Muriuki alikuwa akiuza nyanya sokoni Kutus, na akirudi hakupita kwake kabla ya kupita kwetu.

Basi asubuhi hiyo natoka na kikombe cha chai, nafika bandani, namkuta baba yako amevua shati, jembe mkononi, na nyuma yake matoka yamelala kwenye rundo la samadi, mizizi juu. Alikuwa ameyang'oa yote.

Chai yote ilinimwagikia mkononi na sikusikia moto. Nilihisi baridi, ile baridi ya kuambiwa kuna msiba.

"Baba Wanjiru," nikasema, maana dada yako alikuwa tayari amezaliwa, "hiyo ni mpaka."

"Najua ni mpaka," akasema bila kuinua kichwa. "Hii reli ndio itakuwa mpaka. Ni chuma. Si chuma ni nzuri kuliko maua?"

"Na Muriuki?"

"Muriuki ni ndugu yangu. Ataelewa."

Alisema hivyo kwa moyo safi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Hakuwa anaiba. Mtu anayeiba hujificha na kutazama nyuma, lakini yeye alikuwa akipiga mluzi. Alikuwa amependa kona yake hadi hakuona kitu kingine chochote, na kufikia jioni mataruma yalikuwa yamelazwa, kokoto zimemwagwa juu, na shimo hata moja halikuonekana.

Muriuki alirudi kutoka Kutus siku iliyofuata. Nilikuwa nikianika nguo. Aliteremka kwa njia ya kawaida akiwa na mfuko wa nyanya zetu, akafika kwenye kona, akasimama. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Aliweka mfuko chini polepole, akatembea juu ya kokoto huku akitazama miguu yake, kama mtu aliyepoteza pesa.

"Gathogo, mpaka iko wapi?"

"Ni hiyo reli."

"Hii reli imepinda. Mpaka ya baba ilipinda lini?"

Baba yako akacheka kidogo, akaja kumwonyesha. Akasimama akasema matoka yalikuwa yanapita hapa. Muriuki akasema hapana, yalikuwa huku, akapanda juu kuelekea jikoni kwetu, upana wa mstari mzima wa mibuni. Baba yako akaacha kucheka. Mimi nilikuwa nimepita kando ya matoka yale kila siku tangu nilipoolewa, na nilipojaribu kuyaona kichwani, sikuona kitu. Niliona kokoto tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumefanya jambo ambalo hatujui namna ya kulirudisha.

Mwanangu, sitakuambia maneno yote waliyoambiana, kwa sababu wewe unamheshimu baba yako mdogo na ninataka uendelee kumheshimu. Nitakuambia tu kwamba jua lilikuwa halijafika katikati na tayari nyundo ya kugongomea misumari ya reli ilikuwa imeinuliwa juu, na aliyeiinua ni shemeji yangu yule yule aliyetupikia uji siku nilipojifungua. Watu walioshiriki sahani moja tangu utotoni. Mimi nilikuwa nimeshikilia shuka mbichi kifuani.

Aliyeishusha nyundo ile ni mama yao, cucu wako. Hakuigusa. Alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua maharagwe, na alikuja taratibu, akapita katikati yao, akaenda hadi kwenye rundo la samadi. Akaokota itoka moja lililonyauka. Akalitazama, akalirudisha pale pale, akarudi kwenye maharagwe yake. Wale wanaume wawili wakaona aibu ya muda mfupi, kila mtu akaenda kwake.

Asubuhi yake alitoka na kiondo na blanketi lake. Nikamkimbilia njiani.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwa Wangechi, Kutus," akasema. Wangechi ni shangazi yako, ameolewa huko. "Mimi siwezi kunywa chai kwa shamba haina mpaka. Nikichuma mboga hapo, nimechuma ya nani?"

Nilimwomba. Nilimwambia mambo yatatengenezwa, ni suala la siku chache. Akanishika mkono uliokuwa bado na malengelenge ya chai, akauangalia, akaniambia niupake asali. Kisha akaenda. Mama aliyezaa wanaume wawili na kuwajengea nyumba mbili akaenda kulala kwenye sebule ya mkwewe, na kijiji kizima kikajua.

Wanawe walijitahidi, siwezi kuwanyima hilo. Waliita wazee. Wazee wakaja na fimbo zao, wakanywa uji wangu, wakawaapisha wale ndugu, wakatembea juu ya reli, na kila mzee akaonyesha mahali pake. Waliokuwapo siku ya kupanda walikuwa wamefariki karibu wote, na aliyebaki aliuliza mara mbili kama treni hiyo inaenda Nanyuki. Wakaita savea wa kupima shamba. Yeye akafungua karatasi zake kwenye meza yetu, akaeleza kwa upole kwamba kwake hilo ni shamba moja, na mpaka wa ndani ni wa kuulizana wenyewe. Akaondoka. Na sisi hatukuulizana. Kanisani Gathogo alikaa kulia, Muriuki akakaa kushoto. Watoto wa nyumba hizi mbili wakakatazwa kucheza pamoja. Ile treni, ambayo ilikuwa ijazwe watoto wa kijiji kizima, ilifunikwa turubai na kuku wakaanza kutaga ndani ya mabehewa.

Kitu kilichoniumiza zaidi ni kimya cha mlango wa cucu wako. Kila nilipopita niliona kile kigoda chake, na maharagwe machache yaliyoanguka siku ile yakiwa bado pale chini. Nilikuwa na hasira na mume wangu, nikawa na hasira na shemeji yangu, na usiniulize nani nilimkasirikia zaidi. Nilihofia atafia ugenini. Jambo hilo nilimwambia baba yako usoni, naye akaondoka mezani bila kumaliza chakula.

Kisha mvua kubwa zikaja.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kukata majani ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa umeshuka, kokoto zinateleza, nami nikapita juu ya reli nikiangalia ninapokanyaga. Nikaona kitu cha kijani kati ya mataruma. Nikadhani ni gugu, nikainama kuling'oa, na mkono ukabaki hewani.

Lilikuwa itoka. Lilikuwa limechipuka, limesukuma kokoto pembeni, limenyooka. Mbele yake kulikuwa na lingine, na mbele ya hilo lingine tena. Baba yako alikuwa ameyang'oa kwa jembe, naye akaacha vitako vya vitunguu ardhini bila kujua, maana vinazama kuliko jembe linavyofika. Yalitoka katika mstari ulionyooka kabisa. Yaliingia kwenye reli kwenye taruma fulani, yakakata kona yote, yakatokea upande wa pili. Reli ilipinda, yenyewe hayakupinda.

Niliketi pale pale kwenye matope. Sikuwa na furaha, mwanangu, si bado. Nilikuwa na hofu ya mtu aliyesikia sauti ya aliyedhani amekufa. Kisha nikaita. Niliwaita wote wawili kwa majina yao, kwa sauti ambayo mke hapaswi kumwitia mume wala shemeji, na wakaja wakikimbia kila mtu kutoka upande wake wakidhani ng'ombe amenipiga pembe.

Walisimama wakatazama. Kila mmoja alikuwa akiona jambo lile lile. Mstari haukupita alipoapa Gathogo. Wala haukupita alipoapa Muriuki. Ulipita katikati. Kila mmoja alikuwa amejisogezea kidogo, na kila mmoja aliapa mbele ya wazee akiamini anasema kweli.

Baba yako akaenda akaleta spana. Akapiga magoti, akaanza kufungua reli kwenye kona ile aliyoitaabikia kuliko sehemu nyingine yote. Alipofika mwisho, chuma kikawa kizito kwa mtu mmoja. Muriuki akavua koti, akashika upande wa pili, wakainua pamoja. Ndivyo walivyosalimiana.

Tulikwenda Kutus sisi watatu. Tulimkuta mama kwa Wangechi, ameketi nje akitoa mawe kwenye mchele, ungo mapajani. Alituona tukiingia langoni pamoja. Alimtazama huyu, akamtazama yule, akarudi kwenye mchele wake.

"Zimetoka?" akauliza.

Hatukuwa tumesema neno.

"Ya kwanza imetokea kwa lile jiwe la kunolea panga," mama akaendelea. "Halafu zinapita chini ya mbuni wenye matawi mawili. Ya mwisho iko karibu na kisiki ya mkuyu. Si ni hivyo?"

Ilikuwa hivyo. Ilikuwa hivyo hasa, na huyu mama hakuwa amekanyaga Wamagana tangu alipoondoka na kiondo chake.

"Mama," Muriuki akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "kumbe ulikuwa unajua?"

"Nani alizipanda? Baba yenu alishika kamba. Mimi ndiye nilizitoa mtoni na kiondo, nikachimba, nikapanda moja moja. Nilikuwa na mimba yako."

"Na mbona hukusema? Tumepigana miezi yote hii, mama. Mbona hukusema?"

Akaweka ungo chini. Sijamsahau alivyotutazama, na alinitazama na mimi.

"Mliita wazee," akasema. "Mkaita savea. Kabla ya hao wote, siku ya ile nyundo, mimi nilikuwa nimeketi hapo kwa mlango, na mlinipita kila mtu akienda kwake. Nikasema, wacha niende kwa Wangechi, labda nikiwa mbali watanikumbuka. Na hata simu haikupigwa. Nani kati yenu aliniuliza?"

Mwanangu, radi iliwahi kupiga karibu nami, mwaka ule mti wa jirani ulipopasuka. Sikutikisika kama nilivyotikiswa na swali lile. Wale wanaume walikuwa na kisingizio chao, kwamba mambo ya mipaka ni ya wanaume, ndivyo walivyolelewa. Mimi nilikuwa na kisingizio gani? Mimi ni mwanamke. Chai yake nilikuwa nikimpelekea mimi kabla hajaondoka. Nilijua anakula chumvi kiasi gani na goti lipi linamuuma, na haikunijia hata mara moja kwamba yule mzee mlangoni na maharagwe yake ndiye aliyebeba shamba lote kichwani.

Alirudi nasi siku hiyo hiyo. Alipanda tena matoka mahali palipokuwa pengo, safari hii wanawe wakishika kamba, mmoja huku na mwingine kule. Kona ya reli ikajengwa upya upande wetu, kali kama ilivyokuwa mwanzo, na baba yako akapata dawa yake: treni ikifika pale, ipunguze mwendo hadi mtu aweze kutembea kando yake. Hiyo ndiyo sababu ukiwa mdogo ulikuwa ukilalamika kwamba treni inalala kwenye banda la ng'ombe. Cucu wako alipanda mara moja tu, akiwa na kitambaa chake cha kanisa, na ilipofika kwenye matoka akanyoosha mkono akayagusa yakipita.

Sasa sikiliza ninachotaka kukuambia. Reli ing'oe ukitaka. Baba yako hayupo tena wa kuiendesha, vyuma vimeshika kutu, na kuku nao wanataka pa kulala. Sitalilia chuma. Lakini usiguse kitu chochote katika shamba hili, liwe ua, liwe jiwe, uwe mti uliokauka, kabla hujauliza ni nani aliyekiweka na kwa nini. Na ukiuliza, usianze mbali. Usianze ofisini, usianze kwenye simu yako, wala usianze kwa wanaume wenye fimbo. Anza na yule unayempita mlangoni kila siku hadi umezoea kutomwona. Mwulize akiwa hai, na umwulize kabla ya jembe kuinuliwa, maana sisi tulibahatika na vitako vya vitunguu, na si kila kilichong'olewa huacha kitako ardhini. Ndugu yako naye, hata ukiwa na haki yote, usiamini kumbukumbu yako dhidi yake. Macho yako yatakusogezea mpaka, nawe utaapa huku ukilia.

Mungu akupe macho ya kuona walioketi. Akupe ndugu wa kushika nawe upande wa pili wa mzigo, na mvua ya kutosha, na shamba ambalo mama anaweza kuchuma mboga bila kujiuliza ni ya nani. Mimi nitakuwa hapa mlangoni na maharagwe yangu. Kesho asubuhi, kabla hujachimba, pita uniulize.